Alama ya Kumi

Saa tatu na robo asubuhi, Bi Nyamizi aliitazama picha ya kufuli, akafungua mdomo, akaufumba. Daktari aliandika sifuri. Ugonjwa ulikuwa ukimwondolea maneno, moja baada ya jingine. Akipata alama kumi angeendelea na mafunzo ya kusema. Akipungukiwa angerudishwa nyumbani. Alikuwa na tisa, na ilibaki picha moja tu, ya mumewe, aliyeketi kando yake.

"Jina langu hatalitaja, daktari," mume alisema. "Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Miaka arobaini na moja mimi ni Baba Kabula. Akinikasirikia, ni 'wewe'. Akisema lolote kati ya hayo, mhesabie."

"Nitamhesabia." Daktari aliweka picha mezani. "Mama, huyu nani?"

Bi Nyamizi aliigusa kwa kidole.

"Maganga," alisema bila kusita.

Daktari alilitazama jina la mume kwenye faili, akaandika moja. "Kumi, mzee. Amefaulu."

Mzee alimgeukia mkewe.

"Mama Kabula," alimwita taratibu, "mimi nani?"

"Maganga."

Alivua kofia, akaiweka magotini, akaitazama picha yake.