Zamu ya Wifi

Dada mtu alisaga tembe kwa mgongo wa kijiko, akazikoroga kwenye maji, akaonja mwenyewe kwanza. Ndipo akampelekea kaka yake mdomoni.

"Meza, kaka. Usinichezee leo."

Mgonjwa alimeza. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Tangu asubuhi hakuruhusiwa kugusa hata glasi.

"Wifi, nikupokee kidogo. Hujakaa wala hujala."

"Unipokee? Nani aliyewahi kumwachia fisi bucha?"

Mke aliinamisha macho. Kaka ndiye aliyeomba talaka, na siku hiyo hakimu alikuwa akitoa uamuzi. Mgonjwa akitangulia kufa, huyu ni mjane, na nyumba ina fungu lake. Talaka ikitangulia, hana urithi. Hata matunzo aliyoahidiwa yatazikwa pamoja na mtoaji. Mtoto hawakujaliwa. Warithi wangebaki dada na mdogo wao.

Adhuhuri mgonjwa alipaliwa. Macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi. Dada alimkalisha, akampigapiga mgongoni, akamtoa makohozi kwa kidole, huku akimnong'oneza, "Si leo, kaka. Si leo." Pumzi iliporudi, alimfuta midomo kwa upindo wa kanga.

Mke alikuwa akilia. "Sikujua unampenda hivi."

"Mume huachika, wifi. Kaka haachiki."

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wao, kutoka mahakamani.

"Ametamka?" dada aliuliza. "Na muhuri umegongwa? Una hakika?" Akashusha pumzi ndefu, akamgeukia mwanamke wa kigodani. "Chukua begi lako. Huna lako tena humu."

Mwanamke aliinuka, akamgusa mgonjwa mguu juu ya shuka. "Angalau nakuacha mikononi mwa dada yako," alisema, akatoka.

Dada alifunga mlango kwa komeo. Jua lilipoanza kushuka, mgonjwa alifungua macho.

"Dada... dawa ya jioni?"

"Kesho, kaka." Akaipandisha chupa juu kabisa ya kabati, akajilaza mkekani. Kifua cha kaka yake kilipoanza kukoroma, alinyoosha miguu, akageukia ukuta.