Mguu wa Mama Siwema

Haya wajukuu, tegueni hiki: pacha mmoja akizikwa, mwenziwe hatembei tena.

Mnakuna vichwa? Mama Siwema alilijua jibu lake akiwa kitandani hospitalini. Kidonda cha sukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake wa kulia, na daktari kasema usipokatwa leo, kesho sumu itafika moyoni.

"Bibi, bonyeza dole hapa," nesi akamsihi, fomu mkononi.

Dole gumba lilikwisha kupakwa wino. Mama Siwema akalishikilia hewani, akamgeukia mumewe.

"Baba Siwema, nakuuliza mara ya tatu. Mguu wangu utauzika wapi? Au watautupa na takataka zao, mbwa wauburute?"

Mzee akakikunjakunja kipande cha bafta nyeupe alichokuja nacho kuuviringishia.

"Bibi, wino unakauka."

"Na ukauke! Anayekatwa ni mimi, wewe una haraka ya nini?"

Ndipo mzee akainua macho, yamejaa machozi.

"Kando ya kaburi la mwanetu Siwema, mke wangu. Si ndio mguu aliokuwa akiulalia?"