Bangili ya Mwatime

Wakati wa futari familia nzima ilizunguka sinia la wali, isipokuwa Mwatime. Yeye, mtoto wa miaka minane, alikaa pembeni na bakuli lake la mchicha. Damu yake ilipopimwa ilionekana amerithi aina ya jeni inayoufanya mwili ushikilie kila punje ya wanga, na watoto wa namna hiyo sheria iliwavisha bangili inayopima sukari mwilini na kulia inapozidi. Ikilia mara tatu, mtoto huchukuliwa kwa wazazi wake na kufungiwa katika kambi ya serikali. Ya Mwatime ilikwisha kulia mara mbili.

Mama yake, Mwanasha, alizitazama mbavu za binti yake.

"Jeni hiyo kairithi kwangu!" alifoka Bi Kibibi, mama mkwe wake. "Mwaka wa njaa, wakubwa walipotupokonya mahindi yetu, tulionusurika ni sisi ambao miili yetu ilijua kuweka akiba. Leo wajukuu wa wakubwa walewale wanatuita wagonjwa. Wana haya hao?" Akamgeukia Mwatime. "Njoo, mke mwenzangu, ule na watu."

Akafinyanga tonge, akamtia mjukuu wake mdomoni. Mwanasha aliona. Safari hii hakumzuia. Aligeuka, akajifanya anamimina uji.

Mwatime hakutafuna. Alilitema tonge kiganjani, akaufuta ulimi kwa upindo wa kanga ya bibi yake, kisha akalirudisha siniani taratibu.

"Bibi, usinipe tena," alinong'ona. "Wakinichukua, mama atabaki na nani?"

Hakuna aliyenyoosha tena mkono siniani, hata Bi Kibibi aliyenusurika mwaka ule wa njaa kwa kula mizizi.