Nyota Zenye Misalaba

Niliitambua kwa nyota zake. Kila nyota kwenye picha iliyotundikwa katika ukumbi wa maktaba, juu ya jina langu, ilikuwa na miali minne kama msalaba. Darubini yangu ya uani ni ya lenzi, na lenzi haitoi misalaba. Misalaba hutoka kwenye darubini za kioo, kama kile cha kujitazamia, na mimi ya kioo sina.

Picha ile haikuwa yangu.

Nilimgeukia mkwe wangu, aliyejitolea kuisafisha picha yangu kwa kompyuta yake na kuitia fremu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mtandaoni, baba. Si galaksi ni ileile?" alininong'oneza. "Ile yako ilikuwa kama doa la chai. Ningewaonyesha watu doa?"

Lile doa nililikeshea siku tisa. Lilikuwa na mkono mmoja wa nyota uliojikunja, mwembamba kama ukucha wa kichanga, na niliunasa mimi, niliyejifunza hesabu ukubwani, shule ya jioni.

"Nani atajua, baba? Wewe cheka tu."

Mkuu wa maktaba alikuwa ameshaniita mbele nipongezwe, na makofi yalikuwa yameanza. Katika safu ya kwanza mke wangu alikuwa akijifuta machozi ya furaha.

Nilikwenda hadi ukutani, nikaishika fremu kwa mikono miwili, nikaitoa kwenye msumari. Makofi yakazidi. Walidhani nataka waione vizuri.