Ukuta Uliopigwa Lipu Mbichi

Masika ya mwaka sabini na tisa yaliuotesha ukungu ukuta wa chumba alichopanga mwalimu Priska kule Kibosho, madoa meusi hadi usawa wa kitanda, na kifua cha binti yake mchanga kikaanza kukoroma. Siku moja alijipa moyo, akamwita mwenye nyumba.

Mama huyo mjane aliacha kahawa aliyokuwa akichambua barazani, akaingia bila kutabasamu.

"Shikamoo, mama. Dirisha nafungua kila siku, na nepi sianiki ndani," Priska aliharakisha kujitetea.

"Marahaba."

Mama alikwangua doa kwa ukucha, akalinusa kama anavyonusa kahawa iliyofungwa kwenye gunia kabla haijakauka. Kisha akabandika kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo. Alipokitoa kilikuwa kimelowa.

"Kahawa yangu ikiota ukungu, mwalimu, siigombezi kahawa. Mimi ndiye niliyeiweka mbichi. Na huu ukuta nilimhimiza fundi aupige lipu kabla tofali hazijakauka." Akajifuta kiganja kwenye kanga. "Hama."

Priska alimgeukia mtoto kitandani. "Leo, mama? Niende wapi na mtoto, mvua yote hii?"

Mama alikuwa ameshatoka. Aliporudi alikuwa amejitwika godoro lake mwenyewe, linachuruzika matone ya mvua pembeni. Akalitua chini ya yale madoa.

"Kwangu ni pakavu, mkalale huko," alisema. "Mbebe mtoto, moto nimeshauchochea."