Hatua za Tunu

Katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, juu ya kila mlango wa sebuleni palikuwa na kipimo. Kikisikia furaha kiliwaka kijani, na furaha hiyo ikahesabiwa kuwa kazi ya Mkurugenzi. Sheria ilitaka alipwe kulingana na mema aliyowaletea watu wake, na kila nyongeza yake ilikatwa kwenye mishahara yao.

Jioni ile Zamda, mshonaji wa kiwandani, alikuwa sebuleni akimenya muhogo na mama mkwe wake, Bi Mwatumu. Ghafla binti yake Tunu, ambaye alikuwa bado anatambaa, akaachia kiti, akasimama dede, akapiga hatua. Akapiga na nyingine.

Bi Mwatumu akafumbua kinywa apige kigelegele.

"Mama, tafadhali!" Zamda alinong'ona, akimwonyesha kipimo. "Tulivyocheka siku ya Idi, mwezi mzima tumekunywa chai kavu."

"Kwani huyu naye kafundishwa kutembea na Mkurugenzi?"

"Ndivyo watakavyosema."

Bi Mwatumu akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga, machozi yakimlengalenga. Zamda akakaza uso, akaendelea kumenya. Kipimo hakikuwaka.

Tunu alisimama katikati ya chumba, akamtazama mama yake, akamtazama bibi yake. Hakuna aliyetabasamu. Akadhani amekosea. Akakaa chini taratibu, akarudi kwenye kiti akitambaa.