Chupa Iliyokataa Kupungua

Nikuze aliibamiza chupa juu ya kaunta mpaka kizibo kikaruka.

“Umeniuzia maji, Kokwijuka! Mimi, Nikuze!”

Wateja wawili waliokuwa dukani wakageuka. Mgongoni mwa Nikuze, Jovin alihema haraka haraka, kila pumzi na mlio wake. Alikuwa na miaka mitatu, na kwa siku nne sasa kifua kilikuwa kinamtesa.

Kokwijuka, muuza dawa wa hapo Kanoni, ndiye mama wa ubatizo wa mtoto huyo. Siku ya kwanza dawa aliichanganya mwenyewe, Nikuze akitazama. Aliigonga chupa ili unga ulegee, akatia maji yaliyochemshwa yakapoa, akaishia kwenye mstari, akatikisa. Kisha akasema, “Kijiko hiki kimoja, kila saa nane, usikose.” Nikuze akayarudia maneno hayo njia nzima, asije akayasahau.

“Unga uliupunguza, maji ukazidisha,” Nikuze alisema. “Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe ya ubatizo ulinunua wewe!”

Maneno hayo yalimchoma Kokwijuka. Aliichukua chupa, akairudishia kizibo, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akapiga hesabu kimoyomoyo. Kwa siku nne, dawa ilipaswa kuwa imeshuka chini ya nusu. Hii ilikuwa imepungua kidogo tu, karibu na shingo. Watu huongeza maji ili dawa isiishe upesi, hilo alilijua, lakini hakulitegemea kwa Nikuze.

“Mawe, mama yangu! Umeongeza maji wewe mwenyewe, halafu unakuja kunivua nguo mbele za watu?”

“Tone moja sijaongeza.”

“Basi humpi.”

“Simpi? Jembe naliacha kwenye migomba, nakimbia nyumbani kumpa! Waulize majirani.”

“Chupa haisemi uongo, Nikuze. Wewe unasema.”

Nikuze akaangua kilio. Tangu afike Karagwe, huyu ndiye mtu pekee aliyemwita dada, na leo anamwita mwongo. Kokwijuka naye aligeuza uso aangalie rafu, maana machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka yaonekane.

“Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi,” alisema bila kugeuka. “Pikipiki nalipa mimi. Ila hapa dukani kwangu usirudi tena.”

Ng’ambo ya barabara kengele ya shule ililia, watoto waliotoka kula wakakimbilia madarasani. Nikuze alishtuka. Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamshusha Jovin mgongoni, akaivuta chupa na kuanza kuitikisa.

“Ngoja nimpe kwanza, ndiyo unifukuze,” alisema. “Saa nane hiyo imegonga, na tangu uliponiambia sijaikosa hata siku moja.”